Mgongo wa Nyangumi, Njia ya Kiboko

Isa alikuwa na maneno mengi kuliko boti zote za Masese, mwalo wanapotua wavuvi kando ya ziwa pale Jinja, na kwa mwaka mzima mke wake Nabirye aliyasikiliza bila kumkatiza hata mara moja. Msidhani alikuwa mnyonge. Mwanamke aliyejifungua mapacha nyumbani huku mvua inanyesha, na jioni yake akamkaripia mkunga kwa kuunguza uji, huyo si mnyonge. Alinyamaza kwa sababu alikuwa amepima mambo akaona kwamba mume mwenye maneno ni afadhali kuliko mume asiyekuwepo.

Maana Isa alishawahi kutokuwepo. Mtoto wa fundi cherehani wa Bugembe, aliondoka nyumbani akiwa kijana akaenda Mombasa kutafuta maisha, na kwa miaka tisa alirudi mara mbili tu: mara ya kwanza kuoa, mara ya pili kuwaona mapacha wake, Waiswa na Tenywa, ambao walikuwa wameshaanza kutembea. Mwaka 1995 akarudi moja kwa moja, na begi moja, kofia nyeupe ya nahodha, na Kiswahili kilichonyooka mpaka watu wa sokoni Jinja walimsimamisha ili azungumze tu wamsikie. Aliwaambia kwamba huko Shimoni, kusini ya Mombasa, alikuwa nahodha wa boti ya kuwapeleka wageni baharini kuwaona nyangumi. Masese hakuna aliyewahi kumwona nyangumi, kwa hiyo hakukuwa na wa kumbishia.

Baba yake Nabirye, Mzee Mugweri, ndiye aliyekuwa na boti. Ilikuwa boti ndefu ya mbao yenye mashine ya nyuma, na mzee aliiacha mikononi mwa vijana wake wa kazi tangu goti lilipomkatalia kuvua. Alimpa mkwewe nafasi ya kuiendesha kwenda na kurudi visiwani, kubeba samaki, na hakumpa zaidi ya hapo. Alimwita Kapteni wa Chumvi. Isa alicheka kila alipoitwa hivyo, ila Nabirye aliona kwamba kicheko hakikufika machoni.

Basi mwezi wa nane mwaka 1996 Isa alipeleka magunia ya dagaa Mbale. Alipomaliza kuuza akaketi kunywa chai karibu na soko, mlima Wanale ukiwa mbele yake na maporomoko yake membamba, akaanza kusimulia habari za nyangumi kwa yeyote mwenye masikio. Mwenye masikio siku hiyo alikuwa Afande Semei, askari magereza mwenye mvi, mtu wa mlimani, aliyebakiza miezi minne astaafu. Semei alisikiliza mpaka chai yake ikapoa.

"Sasa sikia, bwana," akasema. "Mimi nafunga milango na nafungua milango, miaka thelathini na moja. Desemba naenda nyumbani. Kabla sijaenda nataka kuona hiyo mnyama moja yenye hakuna mtu anaweza kufunga. Nyangumi iko mbali. Kwenu huko hakuna kitu kubwa?"

"Kiboko yupo," Isa akajibu. "Tena nitakuonyesha kwa utaratibu ule ule wa baharini. Njoo na wenzako Jumamosi ya wiki ijayo."

Alirudi Masese amechangamka kuliko alivyokuwa tangu afike. Alimwambia Nabirye kila kitu, akatembea huku na huko chumbani, akafikiria bango, akafikiria viti vya mito. Kisha akaketi na kusema neno lililomkaa mkewe kooni wiki nzima.

"Jumamosi ikienda vizuri, mimi ni mtu wa hapa. Ikiharibika, Jumatatu napanda basi, narudi Mombasa. Siwezi kuchekwa na baba yako mpaka uzeeni."

Nabirye hakulala vizuri siku zile. Alimpenda mtu huyu na porojo zake; alipenda jinsi alivyowaosha miguu mapacha jioni akiwaimbia. Alijua pia jambo moja ambalo hakutaka kulijua, nalo tutalifikia. Ijumaa asubuhi, wakati Isa anapaka boti rangi ya buluu ubavuni, akamwendea.

"Baba Waiswa, kesho ukifika kwenye viboko, upige hodi. Unagonga ubavu wa boti kwa kasia, pole pole, ili wajue mko wapi. Baba alinifundisha."

"Nyangumi hapigiwi hodi," Isa akasema bila kuinua brashi. "Unazima mashine, unakaa kimya, anakuja mwenyewe. Hii ni kazi yangu, Nabirye. Niachie."

Akamwachia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini kuna nyumba ambazo mtu anaogopa kuugusa ufa asije akaangusha paa.

Jumamosi saa tatu asubuhi gari la kukodi likaingia mwaloni na wageni saba kutoka Mbale, wote wa magereza, wamevaa nguo za kiraia ambazo zilikuwa zimepigwa pasi kama sare. Walikuwa na mikungu miwili ya ndizi waliyonunua Busiu njiani, zawadi kwa wenyeji. Afande Semei alivaa koti. Kando yake alisimama Afande Oliver, mama mnene wa kitengo cha wanawake, mwenye sauti iliyozoea kuvuka kuta. Oliver aliitazama boti, akawatazama vijana wa mwaloni, akamtazama Isa na kofia yake nyeupe.

"Mimi sipandi," akasema, "kama hakuna mwanamke mwenye anajua hii maji."

Hapo pakawa na shida, maana Masese wanawake hawakupanda boti za uvuvi. Ilisemwa kwamba samaki hukimbia. Nabirye aliijua desturi hiyo vizuri kuliko wote, kwa kuwa baba yake, aliyekosa mtoto wa kiume, alimfundisha ziwa tangu utotoni, akamfundisha kasia na upepo na wanyama wake, mpaka alipofika miaka kumi na minne wavuvi wenzake wakaja kumlalamikia kwa mdomo mmoja na mzee akamtoa. Tangu siku hiyo alikuwa mtu wa kuanika dagaa.

Mzee Mugweri alikuwa ameketi juu ya dumu, akishona wavu. Hakuinua kichwa. "Leo tunavua samaki?" akauliza.

Vijana wakasema hapana.

"Basi hakuna wa kukimbia. Nabirye, panda."

Akapanda kabla mtu hajafikiri jibu. Alikaa mbele kabisa, kwenye ncha, sufuria ya mandazi miguuni na kasia moja kando yake, na alipousikia mti wa boti ukitikisika chini yake baada ya miaka kumi na sita, akafurahi waziwazi kama mtoto. Afande Oliver akaketi nyuma yake, akamshika bega, akasema sasa yuko tayari.

Mwaka ule ziwa lilikuwa limevamiwa na magugu maji. Yalifunika ghuba kama shamba, yana maua ya zambarau mazuri na tabia mbaya: upepo ukigeuka, shamba zima linahama, na mlango wa maji uliopitia asubuhi unaukuta umefungwa mchana. Isa aliongoza vizuri kwenye maji ya wazi, hilo lazima lisemwe. Alisimama nyuma, mkono kwenye mashine, na huku boti inakata maji akawasimulia wageni siku yake kubwa.

"Ilikuwa mwezi wa nane kama huu. Tumetoka Shimoni alfajiri, wageni kumi na wawili. Bahari imetulia. Nikaona moshi wa maji unapanda kwa mbali, nikajua ni yeye. Nahodha mjinga angemkimbiza. Mimi nikazima mashine. Nikawaambia watu, kimya, hata sufuria zisilie. Tukangoja. Na yeye akaja, mama na mtoto wake, akapita ubavuni hapa, mrefu kuliko boti mara mbili, mgongo mweusi unang'aa, ukaja, ukaja, hauishi. Wageni wengine walilia. Jicho lake, jamani, lilinitazama mimi."

"Yesu," Oliver akasema polepole.

"Na mkia?" Semei akauliza. "Mkia iko namna gani?"

Isa akaweka kofia sawa. "Mkia ni mkubwa," akasema, akaongeza mwendo.

Nabirye alitazama mbele. Alikuwa ameisikia hadithi ile mara arobaini, na kila mara mkia ulikuwa mkubwa tu.

Saa tano wakafika kwenye hori, mahali ziwa linapoingia ndani ya nchi kavu na matete yanasimama pande mbili. Vijana wa Mzee Mugweri walikuwa wamemwelekeza Isa kwamba viboko hulala hapo mchana. Akaingia taratibu, akafika katikati, akazima mashine. Kimya kikashuka juu yao. Akainua kidole.

"Sasa," akanong'ona, "hata pumzi."

Wageni wakatii. Watu wa magereza wanajua kungoja. Ni kazi yao. Dakika zikapita. Ndege mmoja mweupe alitembea juu ya magugu, akasimama kuwatazama, akaendelea. Upepo mdogo ukaanza kutoka ziwani, na boti, isiyo na mashine wala kasia, ikaanza kusogea kidogo kidogo kuelekea ukingoni.

Nabirye akaona njia kabla ya wote. Ukingoni majani yalikuwa yameliwa chini kabisa, kama uwanja wa mpira, na katikati yake tope lilikuwa limekanyagwa, pana kama lango, likishuka majini kati ya matete. Ile ilikuwa njia ya kiboko. Boti ilikuwa inajilaza mbele ya mdomo wa njia ile. Akageuka kutazama nyuma akaona jambo la pili: magugu yalikuwa yamesukumwa na upepo yakaziba karibu upana wote wa hori, yakabakiza uwazi mmoja wa kwenda maji ya kina, na uwazi huo walikuwa wameukalia wao.

Baba yake alikuwa amemwambia zaidi ya mara moja. Kiboko si mkorofi, ni mtu wa nyumba yake. Ukiingia kwa mtu unapiga hodi. Anajua uko wapi, anapita kwingine, salama. Usipopiga hodi, akakugundua uko kati yake na maji ya kina, haulizi jina lako. Na jambo ambalo kiboko hawezi kulivumilia kabisa ni kutenganishwa na kina akiwa na mtoto.

Alimtazama mumewe. Isa alimwona akinyoosha mkono kwenye kasia, akatikisa kichwa, mara moja, polepole. Macho yake yalisema mengi. Yalimwomba. Nabirye aliyasoma yote: watu saba wa Mbale wanatazama, na mke akimwendeshea mume boti mbele yao, Jumatatu kuna basi. Mkono wake ukasimama hewani. Na hapo, bila kuficha, niseme kwamba alitamani sana kunyamaza. Alikuwa amenyamaza mwaka mzima na kulikuwa kumemfaa.

Ndipo mapovu yakatokea. Yalianza kwenye matete, yakaja kwa mstari kuelekea boti, makubwa, na kando yake mstari wa pili wa mapovu madogo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe ulikuwa unakuja chini ya maji, mama na mtoto, hatua thelathini, hatua ishirini.

Nabirye akashika kasia akagonga ubavu wa boti. Ko, ko, ko. Akatua. Ko, ko, ko.

"Nabirye," Isa akanong'ona kwa hasira.

Akagonga tena. Mapovu yakasimama. Kisha maji yakafunguka hatua sita tu mbele yao na kichwa kikatoka, kikubwa, cha rangi ya udongo na waridi, masikio madogo yakizungukazunguka, na pumzi ikafoka kutoka puani ikawalowesha waliokaa mbele. Nyuma ya shingo yake kichwa kingine kidogo kikachungulia. Kiboko akaitazama boti. Akafungua mdomo, na ndani ya mdomo ule kila mmoja aliona jinsi meno yalivyokuwa marefu.

Wageni wote saba wakaanza kuinuka kwa pamoja, na boti ikalalia upande.

"Kaa chini!" Nabirye akasema.

Hakujua sauti ile ilikuwa inakaa wapi ndani yake. Lakini watu wale walikuwa wamelelewa na amri za Kiswahili tangu siku ya kwanza ya kazi, na miili yao ilitii kabla ya vichwa. Waliketi kwa mkupuo mmoja, mgongo wima, mikono magotini, Afande Semei akiwa wa kwanza. Boti ikarudi sawa.

"Baba Waiswa, washa. Rudi nyuma, mkono wa kulia. Tumemzibia njia."

Isa akavuta kamba ya mashine. Ikakohoa. Akavuta tena, ikashika, ikazunguka mara mbili, ikafa. Magugu yalikuwa yameshajizungusha kwenye propela. Kwa muda wa pumzi moja alisimama tu, kofia kichwani, mtu aliyeishiwa na maneno. Kisha akainama akavuta kasia la pili chini ya benchi.

"Niambie," akasema.

"Sukuma kwenye magugu. Tupande juu yake. Usimtazame, nitamtazama mimi."

Wakasukuma, yeye nyuma na mkewe mbele, na Nabirye hakuacha kugonga ubavu kila baada ya msukumo, pole pole, kama mtu anayezungumza na mgeni mlangoni. Boti ikapanda juu ya magugu kwa sauti ya kukwaruza, futi moja, futi tatu, futi kumi. Uwazi ukafunguka. Kiboko akafunga mdomo. Akazama, na mtoto akazama, na wote wakahesabu kimoyomoyo bila kujua wanachohesabu. Wimbi likanyanyua boti kidogo likaiweka chini. Mama na mtoto wakatokea upande wa pili, kwenye maji ya wazi, karibu kiasi kwamba watu waliona mikunjo ya shingo na kovu juu ya jicho, mtoto sasa amejipandisha juu ya mgongo wa mama yake. Mama akageuza kichwa, akawatazama mara moja zaidi, akapuliza, akaenda zake kwenye kina bila haraka yoyote.

Afande Semei alivua kofia yake. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta.

"Asante, mama," akasema, na haikujulikana anamwambia nani.

Ilichukua nusu saa kuyakata magugu kwenye propela. Isa aliyakata kwa kisu, ameinama nyuma ya boti, hakumtazama mkewe hata mara moja. Wageni sasa walikuwa wanacheka, kila mmoja akimwonyesha mwenzake mdomo ulivyofunguka. Afande Oliver alikula mandazi matano. Nabirye aliketi kwenye ncha yake, mikono mapajani. Alikuwa na huzuni, maana alimpenda na alijua kwamba Jumatatu imefika. Lakini hakujuta, na jambo hilo lilimshangaza. Angegonga tena, na tena, hata kama mabasi yote ya Mombasa yangekuwa yamepanga foleni mwaloni.

Mwaloni walikuta tayari pilau ambayo Isa aliipika alfajiri, mkeka umetandikwa, na Mzee Mugweri ameshasogeza dumu lake karibu na sinia. Walipokula wakatosheka, Afande Semei akasimama kutoa shukrani. Mtu wa magereza akisimama kutoa hotuba, hukaa muda mrefu. Alianza na mwaka aliojiunga na kazi. Mwisho akafika.

"Mimi nitaambia wenzangu wa Tororo na wa Soroti. Nitasema, muende kwa Kapteni Isa, Jinja. Huyu ni mtu wa bahari kabisa. Alifundisha bibi yake mpaka bibi anaweza kuita kiboko na kupanga kiboko ipite. Hiyo ni kazi ya mwalimu. Kapteni, pokea mkono."

Wakapiga makofi. Isa akasimama. Nabirye aliangalia mkeka. Jibu lilikuwa rahisi na tamu, limewekwa mkononi mwa mumewe kama kikombe cha chai: pokea mkono, sema asante, basi. Siku imeenda vizuri, mtu anakaa. Hata yeye angemsamehe.

Isa akapokea mkono wa Semei, akaushika, hakuuachia.

"Afande, sikumfundisha," akasema. "Aliniambia jana nipige hodi, nikakataa. Ningewaua leo. Wewe, na mama huyu, na mke wangu."

Makofi yalikuwa yameshakatika. Vijana wa mwaloni waliokuwa wanapita wakasimama.

"Na mimi si nahodha. Shimoni nilikuwa mpishi wa boti. Siku ile ya nyangumi nahodha alizima mashine akasema kimya, hata sufuria zisilie. Alikuwa ananiambia mimi, niko chini jikoni na maji ya chai yanachemka. Nikashika kifuniko kwa mikono miwili kisigonge. Kinaniunguza. Juu nasikia watu wanalia kwa furaha. Kuna kidirisha kama sahani, nikaona mgongo unapita. Mgongo tu. Sikuona jicho, sikuona mkia. Ulipokwisha kupita nikapeleka chai juu, na kila mtu akanisimulia. Miaka yote ile huko, hiyo ndiyo siku moja nyangumi alipita karibu. Leo ndiyo mara ya kwanza nimekuwa juu."

Mzee Mugweri alitafuna kilichokuwa mdomoni, akameza, akachota tonge jingine.

"Ndiyo maana pilau yake iko sawa," akasema. "Mimi nilijiuliza."

Afande Oliver ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka mkeka ukatikisika, na wengine wakafuata, na kicheko chenyewe hakikuwa na mwiba. Semei alikuwa bado ameshikwa mkono. Akautumia kumvuta Isa akae, akamwekea nyama kwenye sinia upande wake. Saa kumi gari la Mbale likaondoka, Semei akimpigia Nabirye saluti kupitia dirishani.

Wakabaki wawili na boti. Ilikuwa na matope na majani mpaka kwenye mabenchi. Isa alichota maji, Nabirye akasugua.

"Basi wamejua," Isa akasema mwishowe. "Kesho Masese yote itajua, na keshokutwa Bugembe. Jumatatu nitapanda basi, Nabirye. Nitatuma hela za watoto."

Hilo ndilo neno Nabirye alilokuwa amelikimbia mwaka mzima. Alipolisikia akaona kwamba ameshasimama mbele yake na hajaanguka.

"Kama unaifuata bahari, nenda," akasema. "Sitakushika shati. Lakini kama unakimbia aibu, aibu yenyewe imeshatoka leo saa nane, mbele ya watu, na ukapewa nyama. Unakimbia nini tena?"

Isa akachota ndoo nyingine.

"Na mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba hukuwa nahodha. Wiki ya kwanza nilijua. Siri ya mtungi aijuaye kata. Unafunga boti kwa fundo la kufungia gunia, na vitunguu unakata macho yako yanatazama kwingine. Nahodha gani huyo?"

Isa akaweka ndoo chini. "Mwaka mzima umenisikiliza, unajua, na hukusema?"

"Niliogopa ungeondoka."

Isa alimtazama, maji yanamchuruzika mikononi. "Na mimi nilidanganya kwa sababu niliogopa mtanifukuza," akasema. "Nani angempokea mpishi, miaka tisa, begi moja?"

Nabirye akamrushia brashi. "Sugua huko nyuma," akasema. "Umeacha matope."

Jumatatu basi la Mombasa lilipita Jinja kama kawaida yake, likachukua watu liliowachukua. Asubuhi hiyo boti ya Mzee Mugweri ilikuwa inaingia kwenye hori taratibu, mashine imezimwa, Nabirye amesimama nyuma kwenye usukani, kama alivyoondoka mbele ya macho ya mwalo mzima, na Isa ameketi kwenye ncha na kasia mkononi, anajifunza. Aligonga mara tatu, kwa nguvu na haraka, kama mtu anayebomoa mlango.

"Polepole, Baba Waiswa," sauti ikatoka nyuma. "Mwambie tupo. Asidhani tumekuja kumtoa kwake."

Akatua, akagonga tena, pole pole, akangoja.